Namna ya Kujaza Bunduki ya Upepo kwa Usalama: Mwongozo kwa Wapiga Shabaha wa Arusha na Moshi

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile yenye tangi linalojazwa upepo kabla ya matumizi, wala si ile ya springi ambayo mpigaji huukunja mtutu wake kila anapotaka kufyatua risasi nyingine. Chini ya mtutu, na katika baadhi ya miundo ndani ya kitako, kuna tangi la chuma, la alumini au la nyuzi za kaboni lenye upepo wa bar 200, na wakati mwingine bar 250 au 300 (bar ni kipimo cha shinikizo). Kifyatulio kinapovutwa, nyundo ndogo huigonga valvu, valvu hufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kiasi kidogo cha upepo huisukuma risasi mtutuni.

Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hadi 35, ambazo ni bar mbili na kitu. Tangi la bar 200 lina shinikizo linalokaribia mara 90 ya hilo, na ndiyo sababu mazoea tuliyoyapata kwenye vibanda vya kujaza upepo kando ya barabara hayafai kabisa katika kazi hii. Wengi wanaoishika bunduki ya namna hii huwa waangalifu na mtutu, na wanafanya vyema, lakini wakati wa kujaza hatari iko upande mwingine: ni upepo wa aina gani unaingia, unaingia kwa kasi gani, na uliobaki kwenye mpira wa kujazia umetolewaje kabla ya kuuchomoa.

Kabla ya yote hayo, bunduki yenyewe iwe halali. Usichukulie kwamba, kwa kuwa haitumii baruti, haiwahusu polisi. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mahali pa kuuliza kuhusu kibali ni kituo cha polisi, si kwa muuzaji. Kuwinda ndege au wanyama wa porini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwongozo huu ni wa mtu anayepiga shabaha za karatasi na makopo mahali palipoandaliwa kwa kazi hiyo.

Kusoma tangi na geji

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote zaidi ya macho. Tafuta kiwango cha juu cha kujaza, ambacho huwa kimechongwa kwenye tangi au kimeandikwa katika kijitabu cha mtengenezaji, kisha ukiandike kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la bunduki. Kwenye matangi na mitungi mingi utakuta namba mbili: shinikizo la kazi, na shinikizo la majaribio ambalo ni kubwa zaidi. Ya kufuata ni ile ndogo. Ile kubwa hufikiwa wakati wa kupimwa tu, tangi likiwa limejazwa maji na wapimaji wakiwa wamejikinga, na mtumiaji hapaswi kuihesabu kama nafasi ya ziada aliyoachiwa.

Vipimo navyo huchanganya watu. Geji za Ulaya kwa kawaida huandikwa bar, za Marekani psi, na pampu nyingi kutoka China huonyesha MPa, yaani megapaskali. Bar 200 ni sawa na psi 2,900 hivi, na ni sawa na MPa 20. Aliyezoea bar akiiona sindano ya geji ya MPa imesimama kwenye 25 anaweza kudhani tangi halijapata kitu, ilhali limeshafika bar 250. Geji ndogo iliyo kwenye bunduki yenyewe ichukuliwe kuwa ya kukadiria tu, na ile ya pampu au ya mtungi ndiyo iongoze kazi. Zikitofautiana, iamini inayosoma juu zaidi mpaka upate nyingine ya kulinganisha.

Upepo gani, na utoke wapi

Sehemu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu makosa mengine yakitendeka mara nyingi huishia kwenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) iliyokatika au upepo uliopotea, lakini kosa la kuchagua gesi linaweza kuipasua bunduki mikononi mwa mtu.

Oksijeni isitumike kamwe. Jambo hili lingeweza kupitwa kwa mstari mmoja katika mji mwingine, lakini Arusha na Moshi ni miji ambayo mitungi ya oksijeni iko karibu na kila mtu. Gereji za kuchomelea vyuma zinayo, hospitali zinayo, na kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro hubeba mitungi midogo ya oksijeni kwa ajili ya dharura ya mlimani. Mitungi hiyo midogo ndiyo inayoshawishi zaidi: ni mepesi, ina gesi kavu yenye shinikizo kubwa, na anayeitazama huona kifaa kilichokamilika ambacho kinakosa kiungio tu. Kitu asichokiona ni kwamba oksijeni safi, ikiwa katika shinikizo kubwa, hugeuza kuwa kuni vitu ambavyo katika hewa ya kawaida havishiki moto kwa urahisi, kama vile grisi, mpira wa oringi, vumbi na hata alumini. Valvu inapofunguliwa, gesi hukimbilia kwenye nafasi finyu, hubanwa ghafla na kupata joto kali, na joto hilo likikutana na chembe ya grisi moto huanza ndani ya chuma kilichofungwa. Hapahitajiki kiberiti wala cheche.

Kwa sababu hiyo, usimwombe fundi mchonga vyuma akutengenezee kiungio cha kuunganisha mtungi wa oksijeni na bunduki. Nyuzi za skrubu za mitungi ya gesi mbalimbali zilifanywa zisilingane kwa makusudi, na kiungio kinachokosekana dukani mara nyingi kinakosekana kwa sababu hakitakiwi kuwapo. Wala usiiamini rangi ya mtungi, kwa kuwa mitungi huuzwa, hurudishwa na kupakwa rangi upya. Soma lebo na maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi, na usipoyaona, uache mtungi huo ulipo. Mpira au geji iliyowahi kutumika kwenye oksijeni pia isiletwe kwenye bunduki, na iliyotumika kwenye bunduki isirudishwe kwenye oksijeni, kwa kuwa mabaki ya grisi yatakuwa yanasubiri humo.

Asetilini na gesi ya kupikia hazihitaji maelezo marefu: ni mafuta yanayowaka. Kaboni dayoksaidi hailipuki, lakini hukaa mtungini ikiwa kimiminika, shinikizo lake hupanda sana mtungi ukipigwa na jua, na huharibu oringi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Bunduki iliyoandikiwa upepo ijazwe upepo.

Kompresa ya gereji ya matairi haiwezi kazi hii. Hufika bar 8 au 10, na upepo wake huja na matone ya maji na ukungu wa oili. Kuna mafundi hodari wanaoweza kuunganisha kompresa za friji mbili au tatu mfululizo ili shinikizo lipande hatua kwa hatua. Ustadi wao ni wa kweli, lakini kompresa hizo huzunguka na oili ndani, na vyombo vyake havikukusudiwa kuvumilia shinikizo la namna hiyo. Oili iliyogeuka ukungu na kubanwa ghafla hujiwasha yenyewe, kama inavyotokea kwenye injini ya dizeli. Kadhalika, mtungi wa kizima moto cha unga na mtungi wa gesi ya kupikia visigeuzwe kuwa ghala la upepo, maana vilitengenezwa kwa shinikizo dogo mno.

Baada ya kuyaondoa hayo, zinabaki njia nne zinazofaa. Ya kwanza ni pampu ya mkono ya hatua tatu au nne iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za upepo. Ya pili ni kompresa maalumu ya shinikizo kubwa, ikiwemo ile ndogo inayotumia betri ya gari, mradi iwe na chujio la unyevu na isiachwe ikifanya kazi bila mtu kuitazama, hata kama imeandikwa kuwa hujizima yenyewe. Ya tatu ni mtungi wa upepo wa kupumulia, kama wa wazamiaji, ambao upepo wake huchujwa na kukaushwa kabla ya kuingizwa; tatizo la njia hii ni kwamba vituo vya uzamiaji viko pwani na visiwani, na basi la abiria si mahali pa kusafirishia mtungi uliojaa. Ya nne ni naitrojeni kavu, ambayo mafundi wa mitambo ya ubaridi huitumia kupima uvujaji. Naitrojeni haiungui, haina maji na haileti kutu, hivyo bunduki haidhuriki nayo. Hata hivyo itumike nje au kwenye chumba chenye madirisha wazi, kwa sababu ikivuja kwa wingi ndani ya chumba kilichofungwa huisukuma hewa ya kupumua, na mtu huzimia bila kusikia harufu yoyote.

Kwa mkazi wa kawaida wa Arusha au Moshi pampu ya mkono ndiyo jibu la busara, ingawa inatoa jasho.

Kukagua vifaa

Vaa miwani ya kinga kabla ya kugusa kitu chochote chenye upepo ndani, na watoto wasiwe karibu. Kagua mpira kwa urefu wake wote, ukitafuta mahali palipovimba, palipokatika au palipokunjwa hadi pakaacha alama, na mpira wenye dalili mojawapo usitumike hata kwa siku moja ya dharura. Tazama pia viungio: meno yaliyolika na skrubu inayoingia kwa upande ni sababu ya kutosha ya kuacha kazi.

Mtungi ukaguliwe kwa ukali zaidi, hasa ule wa mtumba ulioingia nchini ukiwa umeshatumika kwingine. Katika nchi nyingi mitungi ya upepo wa shinikizo kubwa hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na tarehe ya kipimo hugongwa au kubandikwa kwenye mtungi. Mingi ya ile ya nyuzi za kaboni ina ukomo wa miaka 15 tangu kutengenezwa, hata ikionekana mipya. Mtungi ambao tarehe yake imefutwa kwa tupa au kufunikwa kwa rangi usinunuliwe, hata bei ikiwa ya kuvutia, na vivyo hivyo ule wenye mbonyeo, kutu inayokula chuma, nyuzi zilizokatika au alama za kuungua.

Halafu kuna vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jepesi la udongo wa volkano huingia kila mahali katika mji wa Arusha, na tundu la kujazia la bunduki ni mahali linapopapenda. Punje moja ikisukumwa ndani kwa bar 200 hukwaruza sili (kizuizi cha uvujaji) au hukaa kwenye kiti cha valvu, yaani pale valvu inapokalia ikifunga, na tangi halitashika upepo tena mpaka lifunguliwe. Kwa hiyo kifuniko cha tundu kisitoke ila wakati wa kujaza, na kikitoka, futa tundu na ncha ya kujazia, yaani kile kipande cha mwisho wa mpira kinachoingia tunduni, kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Oringi za ncha zikikauka, zipakwe grisi ya silikoni kidogo tu, kiasi cha kuzing'arisha. Grisi ya kawaida ya bearing, oili ya injini, WD-40 na mafuta ya nazi vyote visikaribie sehemu yoyote ambayo upepo wa shinikizo kubwa unapita.

Mwenye kubadilisha oringi azingatie ugumu wake pamoja na ukubwa. Oringi ya duka la vifaa vya pikipiki inaweza kuingia sawasawa na bado ikawa laini mno. Mahali pa shinikizo kubwa watengenezaji wengi hutumia mpira wa ugumu wa 90, wakati oringi za kawaida huwa za 70. Ile laini husukumwa ikapenya kwenye mwanya, hukatwa, na upepo wote hutoka mara moja.

Kuiandaa bunduki

Toa magazini, hakikisha kwa macho kwamba hakuna risasi mtutuni, weka kizuizi cha usalama, na uelekeze mtutu kwenye udongo au kwenye kizuizi ambacho risasi haiwezi kukipenya. Bunduki iliyo na risasi isijazwe kwa hali yoyote, hata kama mpigaji ana haraka ya kurudi kwenye zamu yake.

Tangi lililokwisha upepo kabisa lina tabia yake. Katika bunduki nyingi nyundo huwa imeegemea valvu, na pasipo shinikizo ndani ya tangi la kuibana valvu hiyo ifunge, kila upepo unaoingia hutokea mtutuni. Watengenezaji wa bunduki za namna hiyo huelekeza kwamba ikokiwe kwanza ili nyundo irudi nyuma, kisha ijazwe. Kama ndivyo kijitabu chako kinavyosema, fanya hivyo ukiwa umehakikisha mara mbili kwamba haina risasi, na baada ya kujaza ifyatue kwa utaratibu uliopendekezwa, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama.

Kujaza kwa mtungi

Simamisha mtungi au ulaze mahali ambapo hautabiringika, na uufunge kwa kamba kwenye kitu kizito. Ingiza ncha ya kujazia kwenye bunduki mpaka ikae mahali pake bila kulazimishwa. Ikikataa, kuna uchafu au ncha si yake. Funga skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye mpira. Usisimame sambamba na ncha wala usiweke mkono nyuma yake, kwa sababu ikichomoka hutoka kama risasi.

Sasa fungua valvu ya mtungi kidogo sana, mpaka usikie upepo unaanza kutambaa, na uache mkono wako juu ya valvu hiyo muda wote. Sindano ya geji ipande polepole kiasi kwamba unaweza kuisoma kila inapopita. Kulipandisha tangi kutoka bar 120 hadi 200 kuchukue dakika moja au zaidi. Upole huu una sababu mbili. Upepo unaobanwa haraka hupasha tangi joto, na joto huipandisha sindano, hivyo mtu huacha kujaza akidhani amefika bar 200, na tangi likipoa anakuta 185. Sababu ya pili ni ileile ya oili na joto la ghafla: hata upepo wa kawaida, ukiingia kwa kishindo kwenye tangi lenye masalia ya mafuta, unaweza kuyawasha.

Uangalifu uongezeke maradufu ikiwa mtungi ni wa bar 300 na bunduki ni ya bar 200, kwa kuwa hakuna kitu kati yao kinachozuia upepo wa ziada isipokuwa mkono wako. Usijibu simu wakati huo.

Ukifika kiwango, au bar 5 chini yake, funga valvu ya mtungi kwanza. Kisha fungua skrubu ya kutolea upepo na usikilize mpaka mlio uishe na geji ya mpira irudi sifuri. Baada ya hapo ndipo ncha ichomolewe, nayo itatoka kwa vidole viwili bila ubishi. Ncha inayong'ang'ania bado ina upepo nyuma yake, na atakayeivuta kwa koleo anajitafutia majeraha ya mkono au ya uso. Utaratibu huu, yaani kufunga, kutoa, kuchomoa, usibadilishwe nafasi.

Kujaza kwa pampu ya mkono

Yote yaliyosemwa kuhusu ncha, skrubu na mpangilio wa kuchomoa yanatumika hapa pia. Tofauti ni kwamba pampu haina nguvu ya kujaza kwa kishindo, hivyo hatari ya kupitiliza ni ndogo, lakini inaleta maswali mawili ya joto na maji.

Simama miguu yote miwili kwenye vikanyagio, panua mikono, kisha shuka kwa uzito wa mwili kwa kukunja magoti badala ya kusukuma kwa mabega. Mpini upandishwe hadi juu kabisa na ushushwe hadi chini kabisa, kwa kusita kidogo kila mwisho ili upepo upite kutoka hatua moja ya pampu kwenda nyingine. Nusu mpini haifiki popote. Wenyeji wa nyanda za juu tuna kodi yetu ya kulipa. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko ya Tanga, kwa hiyo kila mpini, yaani kupanda na kushuka mara moja, huvuta upepo pungufu kwa kiasi hicho. Moshi, iliyo chini zaidi, ina nafuu. Maelekezo ya mtengenezaji yakisema mipini 60, mpigaji wa Arusha ahesabu kama 70, na asidhani pampu ni mbovu.

Pumzisha pampu mara inapopata joto la kuchoma vidole kwenye sehemu yake ya chini. Watengenezaji wengi hutaka isitumike zaidi ya dakika chache mfululizo, kwa sababu sili za ndani hulainika kwa joto na kuharibika. Tumia mapumziko hayo kufungua skrubu ya kutolea upepo, ambayo hutoa pia maji yaliyojikusanya. Hakikisha tu kwamba tangi lina valvu yake ya kuzuia upepo usirudi, na bunduki nyingi zinayo.

Maji hayo si ya kudharauliwa. Kulipandisha tangi la mililita 250 kutoka bar 120 hadi 200 kunahitaji lita 20 hivi za hewa ya kawaida. Hewa ya nyuzi 20 iliyojaa unyevu, kama ile ya asubuhi za masika kati ya Machi na Mei, hubeba katika lita hizo karibu theluthi moja ya gramu ya maji, na sehemu yake kubwa hugeuka matone inapobanwa. Matone yakirudiwa kila wiki kwa mwaka mzima ndani ya tangi la chuma huleta kutu mahali ambapo hakuna anayepaona. Kwa hiyo tumia pampu yenye chujio la unyevu, badilisha chembe za kukausha zinapobadilika rangi, na wakati wa mvua chagua saa za mchana hewa inapokuwa kavu zaidi.

Baada ya kujaza

Iache bunduki itulie kwa dakika kumi, usome geji tena, uongeze kidogo ikiwa imeshuka kwa sababu ya kupoa. Kama sindano inaendelea kushuka, paka povu la sabuni kwenye tundu la kujazia, kwenye geji na kwenye maungio ya tangi, na utazame mapovu yanapotokea. Mdomo wa mtutu unaweza kupimwa kwa kuuwekea kipande chepesi cha karatasi, lakini si kwa kuuweka sikioni wala mbele ya uso.

Si kila mshuko ni uvujaji. Bunduki iliyojazwa bar 200 mchana wa nyuzi 28 itaonyesha takriban 190 asubuhi ya Julai yenye nyuzi 13, na hakuna kilichopotea.

Uvujaji wa kweli usitibiwe kwa kukaza skrubu wakati tangi lina upepo. Tangi litolewe upepo wote kwanza, ama kwa skrubu maalumu ya kutolea kama ipo, ama kwa kufyatua bila risasi kuelekea mahali salama mpaka mlio ufifie kabisa. Fundi yeyote, hata awe bingwa wa gereji nzima, anayeanza kulegeza maungio kabla ya hatua hiyo aombwe aache. Kifuniko cha tangi kinachoachiwa na bar 100 nyuma yake kinaweza kuua.

Ikiwa umepitiliza kiwango

Kwa bar 5 au 10, fyatua mara kadhaa kwa usalama mpaka sindano irudi mahali pake. Kwa zaidi ya hapo kuna uwezekano kwamba nyundo haitakuwa na nguvu ya kuifungua valvu, na bunduki itatoa mlio hafifu au isitoe kitu. Usiongeze nguvu ya springi wala usigonge kitu. Tumia skrubu ya kutolea upepo ikiwa bunduki inayo. Kama haina, iweke mahali penye ubaridi pasipo na watu, na umtafute anayeijua aina hiyo. Tangi lililowahi kupitishwa juu ya shinikizo lake la majaribio lisitumike tena bila kupimwa.

Kuhifadhi na kusafirisha

Bunduki isiyotumika kwa wiki kadhaa iachwe na bar 100 hivi, kwa sababu shinikizo hilo huzibana sili zikakaa mahali pake bila kulibebesha tangi mzigo wa bure. Ihifadhiwe kwenye sanduku lenye kufuli, risasi zikiwa mahali pengine.

Ndani ya gari lililofungwa juani, hasa Moshi mwezi Januari na Februari, joto hufika nyuzi 60 bila shida, na tangi lililojazwa bar 200 kwenye nyuzi 25 hupanda hadi bar 223. Kwa hiyo anayetarajia kuegesha mchana kutwa asijaze kabla ya safari, ajaze akifika. Mtungi ufungwe usibiringike, valvu yake ivikwe kofia ya kinga, na usipakiwe kwenye bodaboda wala kwenye daladala yenye abiria. Ukisafirishwa kwenye gari dogo, madirisha yawe wazi kidogo, na geji pamoja na mpira viwe vimefunguliwa na kuwekwa kando, kwani valvu iliyo na kiungio kinachochomoza nje ndiyo hukatika kirahisi zaidi mtungi unapoanguka.